Barua ya wazi kuhusu tegu anayepotelea njiani kati ya maabara na takwimu

Kwenu waganga wakuu wa hospitali, wakuu wa idara za takwimu za afya, na nyote mnaoamua fomu ya hospitali iwe na mistari gani,

Salamu, na poleni kwa kazi.

Mimi ni afisa kumbukumbu za afya. Kazi yangu huanza pale mgonjwa anapokuwa ameshafika nyumbani. Jalada lake huletwa mezani kwangu, nalisoma tangu fomu ya kulazwa hadi muhtasari wa ruhusa, kisha maneno ya daktari nayageuza kuwa herufi moja na tarakimu chache kutoka kwenye Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ule tunaouita ICD. Jalada linarudi kabatini. Ninyi hamlioni. Kinachopanda hadi kwenu ni ile herufi na zile tarakimu, na juu yake mnajumlisha, mnagawa bajeti, mnaagiza dawa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, tena hadharani, kuhusu mnyoo.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuunganisha majalada ya wagonjwa waliokuwa na namba mbili za usajili. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja. Jalada la kwanza lilikuwa la wodini: amelazwa mara tano kwa kuanguka na kupoteza fahamu huku mwili ukikakamaa, kila mara muhtasari umeandikwa "kifafa", neno moja, na kila mara msimbo ni G40.9, yaani kifafa kisichobainishwa. Jalada la pili lilikuwa la wagonjwa wa nje, la miaka miwili kabla ya kulazwa kwa mara ya kwanza. Alikwenda na maumivu ya tumbo, akapimwa choo, na karatasi ya maabara ikaandikwa kwa kalamu ya bluu: mayai ya Taenia (tegu) yameonekana. Tabibu akaandika kwenye rejesta "minyoo". Msimbo ukawa B82.0, minyoo ya tumbo isiyobainishwa. Alipolazwa mara ya tano ndipo alipopigwa picha ya ubongo, na ripoti ikataja vifuko kadhaa, kimoja kikionyesha kichwa cha buu ndani yake. Ripoti hiyo ilifika baada ya muhtasari wa ruhusa kukamilika. Ikabanwa nyuma ya jalada. Muhtasari ulibaki "kifafa".

Kati ya misimbo ile mitano ya G40.9, mitatu ina saini yangu.

Karatasi mbili zilizojua habari yote, ya choo na ya ubongo, zilikuwa hazijawahi kukaa kwenye jalada moja mpaka siku hiyo. Na hata baada ya kuziunganisha, takwimu zilizokwisha kupelekwa hazikubadilika. Kwenye ripoti zenu mama yule ni mgonjwa mmoja wa minyoo na wagonjwa watano wa kifafa. Ugonjwa alionao haumo.

Najua baadhi yenu mmesomea uhasibu, utawala au kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo kwa nini mnyoo huyu hataki kuandikwa kwa haraka. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, ana maisha mawili ndani ya mwili wa binadamu. Maisha ya kwanza yanaanza mtu anapokula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yenye vifuko vya mabuu. Buu linajishikiza kwenye utumbo mwembamba, linakua kuwa mnyoo wa mita kadhaa, na mnyoo huyo anadondosha pingili zilizojaa mayai. Mwenye tegu anaweza kukaa miaka bila kuumwa jambo la maana. Huo ndio ugonjwa wa tegu tumboni, na katika ICD-10, toleo la kumi la uainishaji ule, msimbo wake ni B68.0. Maisha ya pili ni ya mayai. Mtu akimeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu, yakiwa yameshika mikono, maji au mboga, yanaanguliwa ndani yake, viinitete vinatoboa ukuta wa utumbo, damu inavibeba, navyo vinatua kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni au ubongoni na kujijengea vifuko. Huo unaitwa sistisekosi. Msimbo wake ni B69, na vifuko vikiwa kwenye ubongo au uti wa mgongo ni B69.0.

Tegu wa ng'ombe, Taenia saginata, msimbo B68.1, kwa binadamu ana yale maisha ya kwanza tu. Mayai yake hayajengi vifuko kwenye ubongo wa mtu.

Someni tena misimbo hiyo. B68.0 na B68.1 zinatofautiana kwa tarakimu moja baada ya nukta. Mwenye 1 anahitaji dozi na ushauri wa kupika nyama ikaiva. Mwenye 0 anahitaji dozi, na pia anahitaji mtu wa kumuuliza kama kuna yeyote nyumbani kwake aliyewahi kuanguka kifafa, kwa sababu anayekaa karibu na mwenye tegu wa nguruwe, kuanzia mwenye tegu mwenyewe, ndiye aliye karibu zaidi na mayai. Tarakimu ile moja ni maelekezo ya kazi. Tukiandika 9, kwamba haikubainishwa, tumeandika kwamba hakuna kazi.

Elimu hii ni ya zamani kuliko hospitali zetu nyingi. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Friedrich Küchenmeister alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama yenye vifuko vya mabuu, na baada ya hukumu kutekelezwa akakuta tegu wachanga kwenye utumbo wake. Ni jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelikubali, na nalitaja kwa uzito huo. Lakini lilionyesha kwamba kifuko na mnyoo ni kiumbe kimoja. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado nafungua rejesta zenye mstari mmoja ulioandikwa "minyoo".

Neno hilo nalo lina lawama zake. Lugha yetu ni tajiri: tuna tegu, tuna mchango, tuna safura. Ila mgonjwa akiketi mbele ya tabibu husema "nina minyoo", tabibu naye huandika alichosikia. Hapo tegu wa mita tano, mchango na safura wanaingia kwenye kapu moja. Mstari wa rejesta una nafasi ya neno moja, na neno moja lililopo ni hilo. Mimi nikilipata nina mahali pawili pa kulipeleka, B82.0 au B82.9, na pote pawili panamaanisha kwamba hatukuuliza.

Sasa niseme la maabara, maana hapo ndipo lawama hutupwa bila haki. Mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe yanafanana kabisa chini ya darubini ya kawaida. Mteknolojia anayeandika "mayai ya Taenia" na kukomea hapo ameandika ukweli wote alioona, na kwangu karatasi hiyo inatoa B68.9 kwa haki. Kinachotofautisha spishi ni pingili na kichwa. Pingili iliyokomaa ya Taenia solium huwa na matawi 7 hadi 13 kila upande wa mfuko wa uzazi, ya saginata huwa na 12 hadi 30. Kichwa cha solium kina kulabu, cha saginata hakina. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa ni jepesi: umewahi kuona pingili kwenye choo, vipande vyeupe bapa, na unaweza kutuletea? Jibu la swali hilo halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu yoyote ya maabara niliyowahi kufanya nayo kazi. Mgonjwa anayeleta pingili kwenye kichupa anaambiwa aache kichupa dirishani, karatasi inarudi na maneno yaleyale, na pingili inatupwa na taka za siku.

Na msitutake sisi tubahatishe. Nimewahi kuambiwa na msimamizi, "Huyu anakula nguruwe, andika B68.0." Siwezi. Anayetoa msimbo anaandika kile ambacho mwenye leseni ya kutibu amekiandika na kukitilia saini. Akianza kukisia ugonjwa kwa chakula cha mtu, jalada linakuwa uvumi. Tena kisio lenyewe linapotosha. Mwaka 1992 watafiti walichapisha habari za wagonjwa wanne wa New York wenye mabuu ya tegu ubongoni, kutoka jamii ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu wasiogusa nyama ya nguruwe. Yaelekea mayai yaliingia majumbani kupitia wafanyakazi wa ndani wenye tegu. Kifuko cha ubongoni kinatokana na mayai, na mayai hayamuulizi mtu anakula nini. Daktari anayeacha kuwaza sistisekosi kwa sababu mgonjwa hali nguruwe, na afisa kumbukumbu anayeandika B68.0 kwa sababu mgonjwa anakula, wote wawili wamesoma sahani badala ya mwili.

Nije kwenye ubongo, ambako ndiko hasara kubwa iliko.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Linakadiria pia kwamba watu wenye mabuu ubongoni ni kati ya milioni 2.56 na milioni 8.30, wakihesabiwa wenye dalili na wasio na dalili. Naomba mkae kidogo na namba hizo mbili. Ya juu ni zaidi ya mara tatu ya ya chini. Katikati yake kuna watu zaidi ya milioni tano ambao dunia haina hakika kama wapo. Nikiangalia pengo hilo naona rafu za majalada, zimejaa G40.9.

Si kila G40.9 ni kosa. Sehemu nyingi hakuna mashine ya CT wala MRI karibu, na daktari asiye na picha hawezi kuandika alichokiona. Ninacholilia ni tofauti kati ya mambo mawili ambayo jalada huyaandika kwa namna moja, yaani kwa kuyanyamazia: picha ilipigwa na haikuonyesha kitu, na picha haikupatikana. Mgonjwa wa kwanza ana jibu. Wa pili bado anasubiri jibu, na hata baada ya miaka kumi mtu angeweza kumwita. Leo siwezi kuwatenganisha. Muhtasari wa ruhusa hauna mstari wa kuandika "picha haikupatikana", basi wote wawili ni kifafa kisichobainishwa, na wote wawili wanaandikiwa vidonge vya kifafa mwezi hadi mwezi.

Kisha kuna alama ya kuuliza. Daktari anaandika "sistisekosi ya ubongo" na mbele yake anaweka alama ya kuuliza, anasaini, anaondoka. Kanuni za ICD-10 za kimataifa zinasema kwamba ugonjwa ukibaki wa kushukiwa hadi mwisho wa matibabu, na hakuna taarifa nyingine, upewe msimbo kana kwamba umethibitishwa. Marekani, kwa wagonjwa wa nje, kanuni zao zinakataza jambo hilohilo. Ofisini kwetu, kila mmoja anafuata alichofundishwa na aliyemtangulia. Nimeona maafisa wawili, meza zimegusana, mmoja akiandika B69.0 na mwenzake G40.9 kwa muhtasari wa aina ileile. Hakuna aliyekosea kwa sababu hakuna aliyeelekezwa. Wataalamu wa ugonjwa huu wana vigezo vyao, vigezo vya Del Brutto, vilivyorekebishwa mwaka 2017, vinavyogawa utambuzi kuwa wa hakika na wa yamkini. Maneno hayo mawili yangetosha. Daktari aandike "hakika" au "yamkini" mahali pa ile alama, na hapo mimi nina la kufanya na mtafiti atakayekuja kesho ana la kusoma.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi kwenye eneo hili ni makovu. Kifuko kinapokufa ubongoni hugeuka taratibu kuwa doa gumu la chokaa. Buu halipo tena, lakini doa linaendelea kuamsha kifafa, wakati mwingine kwa miaka mingi. Mgonjwa wa namna hiyo apewe msimbo gani? Anayesema ugonjwa bado upo anaandika B69.0. Anayesema buu limekufa na kilichobaki ni athari anaandika G40 na kuongeza B94.8, msimbo wa athari za magonjwa mengine ya kuambukiza na ya vimelea. Kikanuni huyu wa pili ana hoja. Ila tazameni B94.8 inabeba nini: athari za maambukizi chungu nzima yasiyo na uhusiano wowote na tegu. Jina la mnyoo linafutika. Na wagonjwa wenye madoa ya chokaa ni wengi miongoni mwa wanaofika kupigwa picha, maana mtu huchukua miaka kabla ya kufika kwenye mashine. Kwa hiyo palepale ambapo picha imepatikana, ripoti imeandikwa, na daktari amekiri kwa kalamu yake kwamba huyu ana mabaki ya tegu ubongoni, kanuni isiyofafanuliwa inaweza kumwondoa kwenye hesabu. Nimeomba maelekezo ya maandishi kuhusu hili zaidi ya mara moja. Nilijibiwa kwamba nitumie busara. Busara ya afisa mmoja haijumlishiki na busara ya mwingine.

Kwenye vyeti vya vifo hali ni ileile, nami nitapita haraka kwa sababu dawa yake inajulikana. Cheti cha kifo kina mistari inayoshuka: sababu ya moja kwa moja juu, chanzo chini kabisa, na chanzo ndicho kinachohesabiwa. Mgonjwa akifa katika kifafa kisichokatika, na chini ya hapo pameandikwa "kifafa" tu, hesabu inaishia kwenye kifafa. Mstari mmoja zaidi wenye maneno "mabuu ya tegu ubongoni" ungeipeleka hesabu mahali pake. Wapo pia wanaozama au kuungua kwa sababu kifafa kimewashika karibu na maji au moto. Kanuni za ICD-10 zinakubali mfuatano huo, ajali iliyotokana na kifafa, ilhali kwa magonjwa mengine karibu yote zinaukataa. Mlango upo wazi, daktari hajaambiwa.

Kwa nini nawasumbua kwa tarakimu? Kwa sababu kuna dawa inayogawiwa kwa kutazama tarakimu. Prazikwanteli humuua tegu wa tumboni kwa dozi moja, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito. Dawa hiyohiyo hugawiwa kwa umma dhidi ya kichocho, kwa miligramu 40 kwa kilo. Mtu mwenye vifuko hai ubongoni ambavyo hajui kama anavyo anaweza kuanguka kifafa baada ya kuimeza, kwa sababu dawa inayaua mabuu na ubongo unavimba kuyazunguka. Ndiyo sababu wanaotibiwa mabuu ya ubongoni kwa albendazoli hupewa pia dawa za kutuliza uvimbe. Anayepanga kampeni ya kugawa dawa anahitaji kujua B69.0 ziko wapi. Akifungua mfumo wa takwimu na kukuta sifuri, anaamini sifuri. Sifuri ile tumeitengeneza sisi, mimi na ninyi.

Mwaka 2010 WHO iliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Katika mpango wa 2021 hadi 2030 lengo lake ni kwamba nchi 17 ziwe zimeongeza nguvu za udhibiti kwenye maeneo yaliyoathirika zaidi. Eneo lililoathirika zaidi linatambuliwaje, ikiwa sistisekosi haina mstari wake kwenye ripoti ya mwezi na inajumlishwa chini ya "magonjwa mengine"?

Naomba basi, na naomba kwa mambo yanayofanyika.

Futeni neno "minyoo" kama jibu linalojitosheleza. Mahali pake pawe na sehemu tatu za kujaza: mnyoo gani, yuko hatua gani, yuko kiungo gani. Tabibu asiyejua ajaze "haijulikani", kwa mkono wake, kila sehemu. Nafasi iliyojazwa "haijulikani" inamkumbusha mtu kwamba kulikuwa na swali. Sehemu hizo tatu zitawasaidia na tegu wengine pia. Tegu wa mbwa, Echinococcus, ambaye ana familia nzima ya misimbo chini ya B67, leo anafichwa kila mara daktari anapoandika "uvimbe wa maji kwenye ini" na kuishia hapo, nasi tukampeleka kwenye magonjwa mengine ya ini. Tegu mdogo, B71.0, na tegu wa samaki, B70.0, wanapotea vilevile.

Tupeni haki ya kurudisha jalada. Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote. Afisa kumbukumbu akiona karatasi ya maabara yenye mayai ya Taenia na muhtasari wenye kifafa tu, awe na fomu ya kumuuliza daktari, fomu inayotambulika, yenye muda wa kujibiwa, na jibu lake liwe sehemu ya jalada. Swali lenyewe lisimwelekeze daktari jibu. Liseme tu: karatasi hii na muhtasari huu havizungumzi, tafadhali fafanua. Leo nikipiga simu wodini naonekana nachelewesha kazi, na ripoti ya mwezi ina tarehe. Nakumbuka siku niliyofunga rejesta huku nikijua kabisa kwamba msimbo niliouandika ni mfupi kuliko ukweli uliomo kwenye jalada. Nilikuwa na saa mbili na majalada arobaini.

Toeni waraka mmoja kuhusu makovu ya chokaa na utambuzi wa yamkini. Sina shida waraka huo uchague upande gani, mradi uchague. Kama ni B69.0 kwa wote wenye doa, na iwe hivyo kila hospitali. Kama ni B94.8, basi agizeni msimbo wa pili wa kumtaja mnyoo, hata kama ni wa nyongeza ya ndani. Mnaojiandaa kuhamia ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, msidhani programu mpya itatatua hili yenyewe. ICD-11 inaruhusu kuunganisha misimbo, kifafa kikafungwa na chanzo chake katika fungu moja, na nimefurahi sana kuliona hilo. Lakini fungu linajengwa kwa maneno ya daktari. Asipoandika chanzo, tutakuwa na mfumo wa kisasa unaosema kifafa kisichobainishwa.

Na majalada ya nje na ya wodini yawe na namba moja. Najua gharama yake, najua mmeshaahidi, sitaongeza neno.

Mtasema madaktari wamelemewa. Ni kweli, nawaona. Daktari mwenye wagonjwa sitini asubuhi moja hana muda wa kuandika insha, nami simdai insha. Maneno "Taenia solium, mabuu, ubongo, yamkini, picha haikupatikana" ni maneno saba. Anayeyaandika amemwokoa mwenzake wa zamu inayofuata kuanza upya, na amemwokoa mgonjwa kuulizwa mara ya sita alipougua minyoo mara ya mwisho ni lini.

Mtasema pia kwamba tegu ni kazi ya watu wa mifugo na machinjio. Sehemu yake ndiyo. Lakini mkaguzi wa nyama anaona nguruwe, haoni aliyemwambukiza nguruwe. Nguruwe hupata mabuu kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na binadamu huyo yumo kwenye rejesta yetu ya wagonjwa wa nje. Tukimwandika kwa jina la ugonjwa wake, mtu wa mifugo atajua aanzie wapi.

Mama niliyemtaja nilimrekebishia jalada. Niliomba kwa barua, daktari aliyekuwapo akaisoma upya ile ripoti ya picha, akaandika nyongeza ya mistari miwili na kutia saini, nami nikaandika B69.0 mbele na G40 nyuma yake. Nyongeza hiyo ilichukua dakika zisizozidi kumi. Alipokuja kliniki tena, muuguzi alimuuliza kuhusu watu wa nyumbani kwake, kwa mara ya kwanza.

Mwezi huu nina majalada kumi na manne ya kifafa mezani. Matatu yana karatasi za choo zilizobanwa nyuma. Ripoti inafungwa mwisho wa mwezi. Nimeyaweka pembeni, sijayapa msimbo, nasubiri mnielekeze kwa maandishi kama naruhusiwa kuwauliza madaktari walioyasaini.

Wenu katika kazi,

Afisa kumbukumbu za afya